Klemzig: Mtaa Ulionyang'anywa Jina Lake

Mtu akitoka katikati ya mji wa Adelaide, katika Australia ya Kusini, akashika njia ya kaskazini-mashariki, baada ya maili 4 hivi hufika Klemzig, karibu na mto Torrens. Leo ni mtaa kama mitaa mingine ya mji, lakini hapo ndipo Wajerumani walipojenga kijiji chao cha kwanza katika koloni ile.

Kilichowahamisha ni dini. Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliamuru Walutheri waungane na Waprotestanti wengine katika kanisa moja, nao wafuate kitabu kimoja cha ibada. Waliokataa walitozwa faini, na baadhi ya wachungaji wao wakafungwa. Mwaka 1836 Mchungaji August Kavel alikwenda London, akaonana na tajiri George Fife Angas, naye akakubali kuwakopesha fedha za safari. Novemba 1838 merikebu Prince George na Bengalee ziliwafikisha, na makao yao mapya wakayaita kwa jina la kijiji walichokiacha.

Nchi ile ilikuwa ya Wakaurna tangu kale, wala wenyewe hawakuulizwa. Wageni walilima mboga kando ya mto na kuziuza Adelaide, mji uliokuwa bado mchanga. Lakini shamba lilikuwa mali ya Angas, nao walikuwa wapangaji wenye deni. Walifanya kazi kwa bidii, wakalilipa pamoja na faida yake. Tangu 1842 wengi walihamia Bethany na Lobethal wapate mashamba yao wenyewe.

Vita Kuu ya 1914 ilipozuka, hata wajukuu waliozaliwa Australia walitazamwa kama adui. Mwaka 1917 Bunge la huko lilitunga sheria ya kufuta majina ya Kijerumani, na Klemzig ikaitwa Gaza, kwa ukumbusho wa vita vya Palestina. Jina la kale lilirudishwa mwaka 1935.

Hata hivyo klabu moja ya mpira ya mtaa huo imeendelea kuitwa Gaza. Nacho kijiji cha asili sasa kimo nchini Poland, na jina lake ni Klępsk. Hivyo jina la Kijerumani lililofutwa kwa hasira ya vita limebaki Australia, mahali ambapo makaburi ya wazee wale yangali yakitunzwa.