Nilimpeleka Mama Ziwani

Sisi watu wa Uvira tunapanda chombo kwa sababu tatu: kuvua samaki, kufanya biashara, au kukimbia vita. Kupanda chombo kwa kutazama tu, kufurahia milima na maji, jambo hilo twawaachia wageni. Basi siku mama yangu aliponiambia, “Mwanangu, nipeleke ziwani nikatazame,” nilicheka. Leo naona haya kwa kicheko kile. Ndiyo sababu naandika habari hii, huenda msomaji mmoja mwenye mama mzee akapata faida.

Mama alikuwa akikaa Nyamianda, mtaa mmoja wa mji wetu wa Uvira. Kutoka mlangoni pake mpaka majini si mwendo mrefu. Usiku taa za wavuvi wa ndagala huonekana zimetapakaa mbali, kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Lakini mama hakupenda kuzitazama. Jioni, kazi zikiisha, aliweka kiti chake uani kikielekea milima ya Mitumba, na ziwa akalipa mgongo. Nilimwona akifanya hivyo miaka na miaka, nikadhani ni mazoea ya uzee tu.

Mimi wakati ule nilikuwa nafanya kazi Bukavu. Kila mwezi nilimpelekea mama fedha kwa simu, wala sikukosa hata mwezi mmoja, nikajihesabu kuwa mtoto mwema. Lakini kufika mwenyewe, hilo lilikuwa neno jingine. Mara kazi ni nyingi, mara njia ya Ngomo ni mbaya, mara hivi, mara vile. Siku moja nilipofika nilimwuliza kama fedha inamtosha. Akanijibu kwa upole, “Fedha yako naiona, baba. Wewe ndiye sikuoni.” Neno hilo lilipita masikioni, moyoni halikuingia.

Safari ya ziwa aliniomba mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, kama nilivyosema. Mara ya pili nilimjibu kwamba vyombo vyetu ni vya hatari. Na kweli, boti zinazojazwa kupita kiasi zimezamisha watu wengi katika ziwa hili. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa Agosti 2024. Tarehe 18 ya mwezi ule Kardinali Fridolin Ambongo alikuja Uvira, na kwa jina la Papa Fransisko akawatangaza kuwa wenye heri mashahidi wetu wanne: Padre Luigi Carrara, Padre Giovanni Didoné na Bruda Vittorio Faccin, wote watatu wamisionari Wasaveri kutoka Italia, pamoja na Padre Albert Joubert, mzaliwa wa pwani ya ziwa hili, upande wa Moba. Waliuawa wote siku moja, tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa vita ya Wasimba, wawili Baraka na wawili Fizi. Nilikuwa nimeketi karibu na mama siku ile. Misa ilipokwisha aliniambia, “Nataka kwenda Baraka walipofia. Nataka kwenda kwa maji, tena mchana. Sitaomba tena.”

Maneno hayo ya mwisho yalinitia hofu. Mzee akisema hataomba tena, huenda amechoka kuomba, au anajua kwamba siku zimebaki chache. Basi nikaomba ruhusa kazini, na mwezi wa Septemba tukaenda.

Tulifika bandari ya Kalundu kabla ya kupambazuka. Nilichagua boti isiyojaa mno, nikatazama kama kuna vikoti vya kuelea majini, nikamvika mama kimoja. Akacheka, akasema amevikwa kama mtoto wa ubatizo. Yeye alikuwa amechukua chupa ya maji na rozari, na amevaa kitenge chake cha Jumapili. Ndani ya boti palikuwa na magunia ya chumvi na sukari, katoni za sabuni, magodoro, na kuku wawili waliofungwa miguu. Akina mama wachuuzi walimwuliza, “Mama, waenda kuuza nini?” Akajibu, “Siuzi kitu. Naenda kutazama.” Wakacheka wote, kama mimi nilivyocheka. Lakini mmoja wao akaondoka mahali pake pazuri kandokando ya chombo, akamwambia, “Basi kaa hapa, utazame vizuri.” Mgeni yule alifanya kwa dakika moja jambo ambalo mimi mwana sikulifanya kwa miaka.

Tulipokuwa majini jua lilichomoza nyuma ya milima ya Burundi. Mwanga wake ukavuka ziwa lote, ukaangukia mji wetu. Mabati yakang'aa, moshi wa asubuhi ukapanda, na nyuma ya nyumba milima ikasimama kama ukuta. Nilikuwa sijaona Uvira namna hiyo. Tukiwa nchi kavu, kila mtu huona paa la jirani yake na ugomvi wa mtaa wake. Kutoka majini niliona mji mmoja tu, mwembamba kama utepe, umebanwa kati ya mlima na maji. Mama naye aliona hivyo. Akasema, “Tazama tulivyo wembamba. Mungu ametushika kwa vidole viwili.” Nikakumbuka mwezi wa Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku ukazoa nyumba na watu, na namna maji ya ziwa yenyewe yalivyopanda miaka ile, yakaingia katika nyumba za pwani. Maneno ya mama yalikuwa kweli.

Mimi, kwa kuwa nimesoma, nikaona inafaa nimfundishe mama. Nikamwambia kwamba ziwa letu lina urefu wa kilomita karibu 670 na kina cha mita karibu 1,470, na kwamba duniani pote ziwa la Baikal tu ndilo linalolizidi kwa kina. Kisha nikamsimulia habari za Livingstone na Stanley. Mwezi wa Novemba 1871 watu hao wawili walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakazunguka upande huu wa kaskazini wa ziwa. Walitaka kujua kama mto Rusizi hutoka ziwani ama huingia. Wakafika mlangoni pa mto, wakaona kwamba huingia.

Mama akauliza, “Kwani wavuvi hawakuwapo, wakawauliza?”

Nikakosa la kumjibu. Nikaendelea kusema kwamba Livingstone alikuwa na miaka 58 na Stanley 30, na kwamba Stanley hakulelewa na baba, kwa hiyo katika safari ile alimpenda mzee kama baba yake. Stanley ndiye aliyemletea mzee chakula na dawa, akajiona mwokozi wake. Lakini njiani kijana akashikwa na homa kali, na mzee ndiye aliyemwuguza.

“Naam,” mama akasema, “ndivyo ilivyo.” Akanyamaza.

Tulipita mbele ya Makobola. Mama akafanya ishara ya msalaba, na wengi katika boti wakafanya vilevile, kwa kuwa mwisho wa mwaka 1998 watu wengi sana waliuawa pale. Injini tu ndiyo iliyosikika.

Baadaye upepo wa kusini ukaanza kuvuma. Mawimbi yakainuka, boti ikapanda na kushuka, maji yakaturukia. Nami mwalimu wa ziwa, mwenye kujua kina chake na urefu wake, tumbo likanigeuka. Nilitapika mbele ya watu wote, nikalala juu ya gunia la chumvi kama mfu. Mama hakuogopa. Alikishika kichwa changu, akakiweka mapajani pake, akanifuta uso kwa ncha ya kitenge chake cha Jumapili. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 33, tena baba wa watoto, lakini sikuwa na nguvu ya kukataa. Akina mama wachuuzi walitaka kucheka, wakajizuia kwa heshima yake.

Hapo ndipo mama alipoanza kusema. Alisema polepole, mkono wake juu ya kichwa changu.

“Ulilala hivi hivi,” akasema, “usiku ule.”

Habari ya usiku ule niliijua nusu tu. Mwezi wa Oktoba 1996, vita ilipoingia Uvira, tulikimbia kwa miguu mpaka nchi ya Fizi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Huko tukapanda mtumbwi gizani, kuvuka kwenda Kigoma. Nilikuwa na miaka 5, na mdogo wangu wa kike alikuwa mgongoni, bado ananyonya. Hayo niliyajua. Lakini mama hakuwa ameniambia yaliyobaki. Mawimbi yalikuwa makubwa, na wenye mtumbwi wakaamuru mizigo itupwe. Mama akatupa sufuria na unga na nguo. Mimi nikaanza kulia, na watu wakaogopa kwamba sauti itasikika. Mama akaniziba mdomo kwa mkono wake, akaukaza, hata nikanyamaza kabisa.

“Nilidhani nimekuua,” akasema. “Sikuthubutu kuuondoa mkono nione. Nikaweka nadhiri. Nikamwambia Mungu, ukiwafikisha hawa wawili ng'ambo wakiwa hai, nitarudi katika maji haya wakati wa mchana, nikushukuru macho yangu yakiona.”

Mungu alitufikisha. Lakini mwaka uliofuata mdogo wangu alikufa kwa ugonjwa, kule kambini Nyarugusu.

“Nikamkasirikia Mungu,” mama akasema. “Nikamwambia, umenifikishia wawili, kisha ukamtwaa mmoja. Basi sitalipa.”

Ndipo nikafahamu mambo mengi kwa mara moja. Kuanzia mwaka 2005 wenzetu wengi walirudishwa kwa meli mpaka Baraka, lakini mama alikataa meli, tukarudi kwa gari kwa njia ya Burundi. Nikafahamu pia habari ya kile kiti.

Nikamwuliza, “Mama, hasira ile iliisha lini?”

Akajibu, “Iliisha zamani, mwanangu. Lakini ilipokwisha, wewe ulikuwa huna nafasi.”

Msomaji, sikuwa na neno la kusema. Hakunena kwa kunilaumu. Alinena kama mtu anayetaja saa. Mama yangu alikuwa na deni kwa Mungu, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni nikamzuia asiende kulilipa, huku nikimtumia fedha kila mwezi.

Upepo ulipopungua, mama aliinama, akatia mkono wake ziwani. Akaunyosha ndani ya maji, ukaburuta kando ya chombo, maji yakapita kati ya vidole vyake. Kisha akajifanyia ishara ya msalaba kwa maji yale, akaanza rozari kwa sauti. Nikamwitikia. Mchuuzi mmoja akaitikia, kisha wa pili, mpaka nusu ya boti ikawa inasali. Mama mmoja Mwislamu alikaa kimya kwa heshima, akiwashika kuku wasipige kelele. Rozari ilipokwisha, mama alitaja jina la mdogo wangu. Nilikuwa sijalisikia kinywani mwake kwa miaka mingi.

Alasiri tuliingia ghuba ya Baraka, rasi ya Ubwari ikiwa kushoto kwetu, kijani na tulivu. Tulikwenda kusali. Bruda Vittorio alikuwa kijana wa miaka 30, na Padre Luigi 31. Siku ile Bruda alipigwa risasi kwanza. Padre alikuwa akiwaungamisha watu. Alipotoka, waliomwua mwenzake walimwamuru aende pamoja nao. Akakataa, akasema afadhali afe karibu na ndugu yake. Naye akauawa hapo hapo. Mama alipiga magoti muda mrefu. Alipoinuka akaniambia, “Hawa hawakuvushwa. Mimi nilivushwa. Nimechelewa kushukuru, lakini nimeshukuru.”

Tulirudi Uvira siku ya pili kwa boti ile ile, na safari hii sikutapika. Jioni, baada ya kula, mama alitoka uani na kiti chake. Akakiweka kikielekea ziwa. Nami nikaleta kiti changu, tukaziangalia taa za wavuvi zikiwashwa moja moja, mpaka usiku ukaingia sana. Hatukusema mengi.

Ndugu wapenzi, amri ya nne ya Mungu yatuagiza tuwaheshimu wazazi wetu. Wengi wetu tumeigeuza amri hiyo kuwa kodi: twatoa fedha, twapata amani, tumemaliza. Fedha ni njema, mzazi anakula na kutibiwa. Lakini huenda mama yako naye ana neno ambalo hawezi kulisema katika simu, wala mbele ya wageni, ila mkiwa wawili, hamna pa kukimbilia, na wewe umenyamaza. Kama akikuomba jambo dogo ambalo unaliona la kuchekesha, usicheke. Mwulize siku gani anataka, ukatafute chombo.