Elfu Mbili za Jumatatu

Jumapili, 4 Agosti 2024

Kiingilio cha chama cha bodaboda 30,000. Halafu 2,000 kila Jumatatu. Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta: 104,000 kwa mwaka, kiingilio mbali. Tairi la nyuma hilo, na cheni juu. Na bosi ana 10,000 yake kila jioni, mkataba bado haujaisha. Itoke wapi sasa? Kwenye mboga ya watoto?

Eti asiye mwanachama mwisho wa kupaki kijiweni ni mwezi huu. Mwenyekiti barabara kainunua lini?

Jumatano, 7

Maonyesho ya Nanenane pale Ngongo yamenoga. Mtanda–Ngongo, Ngongo–stendi, kutwa nzima. Wengine hela ya ufuta bado inawawasha, nauli hawabishani. EWURA wametoa bei za mafuta za mwezi, sikutaka hata kusikia. Kesho.

Wenye vizibao vya chama wamepangwa getini. Sisi vumbini huko nyuma. Hela nimepata, sikatai. Ila nimeona.

Ijumaa, 9

Dogo wa kijiweni kaanguka usiku, njia ya Mitwero. Mguu. Bima ya afya hana. Kabla ya swala ya Ijumaa chama kilishatoa 150,000 na watu wawili wa kushinda naye hospitali. Sisi tusio wanachama tumechangishana: 23,000. Mimi 2,000. Nilivyoitoa nikacheka peke yangu.

Jumamosi usiku

Mama Zuhura: "Baba Zuhura, ukianguka wewe nimpigie nani?" Kimya. Nikakimbilia kwenye mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10, haina riba, ilisimamishwa mwaka jana na sasa inarudi, mtu mmoja hapewi mpaka kikundi. Akanitazama. "Mmeshaomba?" Katibu anasema wameomba. Fomu sijaiona.

Jumatatu, 12

Nimemfuata mweka hazina, nione daftari. Kalitoa bila kununa! Kurasa za ajali safi: jina, kiasi, sahihi. Kufika "posho ya viongozi, safari ya Mtwara", 80,000, sahihi hakuna. Safari gani hiyo? "Muulize mwenyekiti, kaka."

Nimelipa 15,000. Nusu nyingine wataipata sahihi ikionekana. Risiti ninayo, na kizibao kinachonuka petroli. Mwenyekiti atanuna. Anune. Mkutano Jumapili, nakaa mbele.