Salamu ya Akina Harrison

Kabla ya sifa palikuwa na udugu. Teddy Kalanda Harrison na nduguze Billy, George na John ndio walioianzisha bendi ya Them Mushrooms, iliyopata jina hilo mwaka 1972, ikitumbuiza watalii katika hoteli za pwani ya Mombasa. Wageni walipenda kujifunza salamu; Kalanda akazifanya wimbo, Jambo Bwana, uliotoka mwaka 1982. Malenga atauona mwepesi, na Mswahili hasa husema hujambo. Hata hivyo ulienea. Mwaka 1983 Boney M. wa Ujerumani waliurudia, na wengi ng’ambo wakaipokea salamu ile wasimjue aliyewaamkia. Kalanda alifariki mwaka 2024.