Kulinda Pumzi ya Mama

Nimefanya kazi ya kutoa dawa ya usingizi Kasulu, kisha Kibondo, mkoani Kigoma, na hospitali yetu kubwa ya rufaa ilikuwa mbali, Bugando, Mwanza. Nilijifunza kuweka tyubu ya kupumulia kwa laringoskopu yenye bapa lililopinda, aliyoibuni Robert Macintosh wa Oxford mwaka 1943. Unasogeza ulimi wa mgonjwa kushoto na kunyanyua hadi kidakatonge kipande, nyuzi za sauti zionekane. Kwa wagonjwa wengi inatosha.

Walionipa kazi ngumu ni akina mama waliopasuliwa usiku ili wajifungue, hasa kifafa cha mimba kilipovimbisha uso na koo. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walifurika kambi ya Nyarugusu, ile ya Nduta ikafunguliwa tena, nasi tukazidiwa. Aliyefaa kuchomwa sindano ya mgongo tulimchoma. Mwenye degedege, au aliyepoteza damu nyingi, ilibidi tumpe nusu kaputi na kumwekea tyubu.

Hapo ndipo nilipoithamini buji, fimbo nyembamba inayopindika, ncha yake imekunjwa kidogo. Ukiona kidakatonge peke yake, unaipitisha chini yake kwa kupapasa. Ikiingia njia ya hewa, vidole huhisi mikwaruzo ya pingili za gegedu, na tyubu huteremshwa juu yake.

Barakoa ya koo, aliyoibuni Archie Brain mwaka 1981, imenivusha pale tyubu ilipogoma. Huingia upesi na kupitisha oksijeni, ila haizuii matapishi kama tyubu, na mjamzito huhesabiwa kuwa ana tumbo lililojaa.

Laringoskopu ya kamera ilikuja mwisho. Huonyesha kona ambazo jicho halifiki, na mwanafunzi huona ninachokiona. Lakini damu ikifunika kamera, huoni kitu. Na hata ukiona vizuri, mara nyingi tyubu huhitaji waya wa kuipinda ili ifike. Tena hutaka betri yenye chaji, nasi kwa miaka mingi tulitegemea umeme wa jenereta.

Anayeniuliza kipi bora namjibu hivi: mpe mama oksijeni ya kutosha kwanza, kichwa kimeinuliwa. Shika buji tangu jaribio la kwanza. Jaribu mara mbili. La tatu ni la mwenye uzoefu zaidi tu, na barakoa ya koo iwe tayari pembeni. Kamera ikiwepo, itumie pia kwa wagonjwa wa kawaida ili mkono uizoee.

Na ninyi waganga wafawidhi mnaopanga bajeti, buji ni ya bei ndogo. Isikosekane katika thieta yoyote inayopasua wajawazito.