Safari ya Kwanza Ndani ya Baiti Sita

Nilichagua njia fupi kabisa kwa kuanzia. Niliandika kwa lugha ya C funksheni yenye kazi moja, kurudisha namba 5, nikaipa kompaila ya gcc iigeuze kuwa lugha ya mashine, kisha nikaanza kurudi kinyumenyume kuelekea asembli, yaani amri zilezile zikiandikwa kwa maneno.

Baiti zilikuwa sita: b8 05 00 00 00 c3. Ile b8 humwambia prosesa aweke namba inayofuata kwenye rejesta ya eax. Baiti nne za katikati ndizo namba yenyewe. Intel huiandika kuanzia upande wake mdogo, ndiyo maana 05 imetangulia sifuri. Halafu c3: rudi ulikotoka. Nilifurahi mno kuzisoma mwenyewe, moja baada ya nyingine.

Kisha nikaingilia kwenye baiti ya pili, makusudi. Hapo 05 si namba tena, ni amri ya kujumlisha. Ikazimeza baiti nne zilizoifuata, pamoja na ile c3, ikawa: ongeza c3000000 kwenye eax. Ni amri halali kabisa, na prosesa angeitekeleza. Ni kama maandishi yasiyo na nafasi kati ya maneno: unapoanzia ndipo panapoamua unachosoma. Kwenye prosesa za Intel amri moja huchukua kuanzia baiti 1 hadi 15, na hakuna alama ya mpaka. ARM ya biti 64 imewaepusha wasomaji wake na tabu hii, maana kila amri ina baiti 4.

Nikahamia programu kubwa. Zana ya kusomea baiti iitwayo objdump hushuka moja kwa moja toka juu hadi chini, hivyo data iliyopachikwa katikati ya amri huipoteza njia. Ghidra, zana nyingine iliyotolewa bure na shirika la ujasusi la NSA la Marekani mwaka 2019, hufuata miruko na miito; nayo hukwama pale anwani inapopatikana programu ikishaanza kukimbia. Waandishi wa virusi wanayajua yote mawili, na hutega baiti ya uongo nyuma ya mruko.

Sehemu moja Ghidra iliiacha ghafi. Juu yake nikakuta jedwali la anwani. Nikaifuata ya kwanza, nikabonyeza D, kitufe cha kugeuza baiti kuwa amri, nazo amri zikajipanga. Sikuziamini hadi nilipokagua miruko yake yote: kila mmoja ulitua kwenye mwanzo wa amri, hakuna uliotua katikati.