Simiti ya Baba

Ukuta ulitujibu baada ya wiki tatu.

Tulikuwa tumepaka sebule nzima rangi nyeupe ya maji, mikono miwili, mimi na mume wangu, usiku baada ya kazi. Tulipomaliza tulikaa sakafuni tukala viazi karai vya kona, tukijisifu. Akapiga picha, akaiweka Instagram, watu wakasema moto. Wiki tatu baadaye rangi ikaanza kufura kama ngozi iliyomwagikiwa chai. Ukibonyeza lengelenge linapasuka, unga mweupe unamwagika. Niliuonja. Chumvi.

Tukakwangua, tukapaka tena. Ukuta nao ukafura tena. Debe la pili la lita 20 lilikuwa pesa ya umeme na intaneti, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwa noma.

Nyumba iko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa. Ni ya bibi yangu mzaa baba. Tulihamia kwa sababu mbili, na watu wengi tuliwaambia moja tu: kwamba bibi amezeeka na hafai kuishi peke yake. Ya pili ni kwamba kodi ya Nairobi ilitushinda. Mume wangu huchora nembo na mabango. Mimi huandika chochote kinacholipa, na kwa muda mrefu kilicholipa zaidi ni maelezo ya nyumba za kukodisha wageni: Shela, Watamu, Diani. Nimeandika "kuta nyeupe zinazopumua historia" kwa nyumba ambazo sijawahi kuvuka kizingiti chake.

Kwa hivyo tuliingia kwa bibi na macho hayo. Tuliona kuta za rangi ya mafuta, buluu mpaka begani na krimu kutoka hapo kwenda juu. Tuliona kapeti ya plastiki yenye maua, taa ya mrija inayokonyeza, na kabati la vioo lililojaa vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kuonekana anastahili kunywea. Tukasema, hii yote iende. Tulikuwa na picha zaidi ya mia mbili Pinterest: madaka, vitanda vya kamba, mapazia ya kitani, ukuta mweupe na kivuli cha mnazi. Karibu zote zilikuwa hoteli za Lamu au nyumba walizonunua na kuzitengeneza wageni. Sikuona ajabu yoyote wakati huo. Nilikuwa nikijifunza nyumba ya bibi yangu kwa picha za watu ambao bibi hawajui.

Wazo letu kubwa lilikuwa kubomoa ukuta kati ya sebule na chumba cha bibi, tupate ukumbi mmoja mpana. Bibi angehamia chumba cha nyuma. Bibi mwenyewe hatukuwa tumemuuliza. Nasema hivi ili mjue tulikuwa watu wa aina gani.

Baada ya debe la pili ndipo tulipomwita fundi, mzee wa mtaani ambaye amefanya kazi kwenye nyumba hizi tangu ujana wake. Mume wangu akamwamkia, akamwonyesha mchoro wa ukumbi kwenye simu. Mzee akautazama kwa adabu, kisha akatazama dari.

"Na hizi boriti zitalala wapi, bwana?"

Tukanyamaza. Vyumba vya nyumba za zamani za mawe ni virefu na vyembamba, na mimi siku zote nilidhani hayo ni mapenzi ya watu wa zamani tu. Kumbe ni mikoko. Sakafu ya ghorofa inabebwa na boriti za mkoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa kupita kama mita tatu bila kupinda. Urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba. Ukuta tuliotaka kuubomoa ulikuwa umebeba chumba tulichokuwa tukilala juu yake.

Niseme pia kwamba nilisoma usanifu wa majengo chuoni, mihula mitatu. Baba alipofariki, karo ikafa naye. Katika mihula hiyo nilijifunza kuchora nguzo za zege. Pengine boriti na chokaa zilikuwa mbele huko, sikufika.

Mzee akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, huku na huku, kama daktari anayegonga mgongo wa mtoto. Mahali pengine ulilia *ko*, pengine *bu*. Penye *bu*, akasema, simiti imeachana na jiwe. Akatueleza polepole. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe, yameshikwa kwa chokaa. Jiwe la tumbawe lina vitundu, linakunywa maji. Linayanywa kutoka chini, ardhini, na kutoka juu, kama mfereji wa paa umetoboka. Wetu ulikuwa umetoboka. Zamani hilo halikuwa tatizo kubwa, kwa sababu plasta ya chokaa nayo ina vitundu: maji yakiingia, yanatoka kwa hewa. Simiti inayafungia. Yanabaki ndani na chumvi yake, yakitafuta pa kutokea, yanasukuma, mpaka kila kitu kilichopakwa juu kinavuliwa kama koti.

"Nani aliyepiga simiti humu?" akauliza.

Nilijua jibu. Alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa dereva Jeddah. Mwishoni mwa 1997 zilipokuja mvua za El Niño, mimi nilikuwa na miezi minne. Usiku mmoja kipande cha plasta kilidondoka hapa sebuleni, hatua mbili kutoka godoro nililolazwa. Hadithi hii nimeisikia maisha yangu yote, na kila ikisimuliwa kipande kinakuwa kikubwa zaidi. Baba alipopigiwa simu alisema pigeni simiti nyumba nzima, chini mpaka juu, pesa nitatuma. Akatuma. Mwanzoni mwa 1998 mifuko ikaingia kwa mkokoteni kwa sababu kichochoro chetu hakipitishi gari. Bibi ndiye aliyesimamia. Ana daftari mpaka leo, la shule, limejaa hesabu yake ya penseli: mifuko 46.

"Ugonjwa ulikuwa juu kwenye mfereji," mzee akasema, "dawa ikapakwa chini." Kisha akaona uso wangu, akaongeza, "Wakati ule kila mtu alifanya hivyo, mwanangu. Simiti ndiyo iliyokuwa maendeleo."

Tulikubaliana tuanze na ukuta ule mbovu zaidi, kwa ndani tu. Nje hatukugusa, Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa na huwezi kugeuza uso wa nyumba bila ruhusa. Mzee angekuja siku mbili kwa wiki kutuonyesha, kazi nyingine tufanye wenyewe. Uwezo wetu ulikuwa huo.

Bibi alitukuta siku ya kwanza, mume wangu na tindo, mimi na karai.

"Mwafanyani?"

Nikaanza kumweleza habari ya vitundu na chumvi. Hakunisikiliza mpaka mwisho.

"Mwauchuna ukuta kama mbuzi wa idi. Babako alikaa ugenini miaka kumi na minne. Gari hakununua. Kiwanja hakununua. Alinunua huu."

Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Kwa siku tatu alikula chakula chake ndani. Mume wangu alitaka tuache. Mimi nilitaka tuendelee, na sijui mpaka leo kama nilikuwa na busara au ukaidi tu. Nilijiambia baba alitaka ukuta usiniangukie, na sasa ulikuwa ukioza kwa ndani. Kuuacha kungekuwa kuheshimu simiti na kusahau sababu yake. Hoja nzuri. Lakini hoja nzuri haimtoi bibi chumbani.

Kubandua ukuta mmoja kulichukua siku tisa. Huwezi kutumia nyundo kubwa, tumbawe ni laini, unalivunja. Unaingiza tindo mahali panapolia *bu*, unanyanyua taratibu. Tulivaa barakoa zilizobaki za wakati wa korona na bado tulikohoa vumbi usiku kucha. Majirani tuliwaomba radhi kwa sahani za mahamri. Chini ya simiti kulikuwa na mawe yenyewe, na ukisogeza taa unaona mistari ya matumbawe imejikunja kama ubongo, na makombe madogo yamekwama humo tangu bahari ilipokuwa mahali pengine. Tukapata pia madaka matatu yaliyozibwa. Moja lilikuwa jeusi kwa masizi.

Mume wangu alifurahi sana. Daka halisi! Akataka tuweke mshumaa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, siku ya kwanza kutoka.

"Hapo ilikaa koroboi. Ilinitia machozi miaka na miaka. Nyinyi mwaipenda kwa sababu hamkuitumia."

Hatukuweka mshumaa. Na tangu siku hiyo kila nikifungua ile Pinterest naisikia sauti yake.

Mzee alisema ukuta uachwe uchi upumue kaskazi yote. Tukaishi Disemba mpaka mwisho wa Februari na ukuta wa mawe matupu, wageni wakidhani ndiyo mtindo wenyewe. Katika miezi hiyo tuliziba mfereji wa paa, kazi ambayo haikuwa hata kwenye picha moja kati ya zile mia mbili. Machi tukaanza plasta: kipimo kimoja cha chokaa, vitatu vya mchanga. Si mchanga wa ufuoni, maana huo unarudisha chumvi uliyoihangaikia. Chokaa huanza kama jiwe, likachomwa, likatiwa maji yakachemka yenyewe bila moto. Ukiipaka inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe tena. Lakini inarudi polepole. Inapakwa nyembamba, tabaka tatu, na kila tabaka linataka unyevu kwa siku kadhaa, magunia mabichi yamening'inizwa mbele yake. Ikikauka haraka, inapasuka.

Yetu ya kwanza ilipasuka. Mume wangu aliacha dirisha wazi, upepo ukaingia mchana kutwa. Tuligombana kwa sababu ya dirisha, halafu ikatoka kwamba tunagombana kwa sababu ya mkopo wa simu alioufungua kulipia mchanga bila kuniambia, halafu kwa sababu mimi ndiye niliyemleta kwenye nyumba ya watu wangu ambamo hawezi kubadilisha hata kapeti. Alisema, "Mimi hapa ni kibarua." Hilo lilinikaa. Tukabandua tabaka lote, siku nne za kazi, karibu bila kusemezana. Kapeti tukaichagua pamoja, kitambo baadaye.

Tabaka la pili tuliliwekea magunia, tukafunga madirisha. Alhamisi moja sote wawili tulikuwa na kazi za watu za kuwasilisha, tukasahau kunyunyiza tangu asubuhi. Niliposhuka saa tisa nilimkuta bibi, leso kiunoni, kopo mkononi, anarusha maji ukutani kwa vidole kama anayefukuza kuku.

"Ukuta mpya hauachwi na kiu," akasema bila kugeuka. "Ule wa babako niliumwagia siku saba, asubuhi na jioni. Nani aliyewaambia hii ya kwenu itajinywesha?"

Nikachukua kopo jingine. Hatukuzungumza habari ya baba. Tulimaliza ukuta, akanituma nikaweke chai.

Ukuta huo sasa una chokaa nyeupe, mikono mitano myembamba, na haujafura. Si mweupe kama wa kwenye picha. Una mawimbi, na jioni unageuka rangi ya maziwa ya chai. Kuta nyingine tatu za sebule bado ni simiti na buluu. Tutazifikia pesa ikipatikana.

Chumba cha bibi hatutakifikia. Alisema, "Chumba changu mniachie na simiti ya mwanangu," na safari hii tulisikia mara ya kwanza. Chumba hicho kiko nyuma ya ukuta ule ule: upande wetu chokaa, upande wake simiti ya 1998 na rangi ya mafuta. Unga wa chumvi unadondoka kando ya kitanda chake, naye kila asubuhi anaufagia kwa fagio la chelewa. Mzee anasema mfereji umezibwa na upande mmoja sasa unapumua, kwa hivyo wake pia utapungua jasho, pole pole, miaka.

Kwa hivyo kila asubuhi baada ya shikamoo namuuliza amefagia kiasi gani. Ananionyesha kizoleo.

"Leo kidogo," anasema.

Siku nyingine hata mimi naona si kidogo.