Moyo Niliouegemeza Hotelini

Mpenzi msomaji, hebu nikuulize swali moja. Je, moyo wako umeuegemeza wapi? Usinijibu upesi kama nilivyozoea kujibu mimi, "Kwa Mungu, bila shaka." Mwaka 2019 jibu langu la kweli lilikuwa saruji, mabati na watalii wa Diani.

Mimi na mume wangu tulichukua mkopo tukajenga vyumba vinne vya kupangisha pale Ukunda. Wapangaji wote walikuwa wafanyakazi wa hoteli. Nilikuwa nimepiga hesabu hadi senti ya mwisho: ndege zitue, wageni waje, mishahara ilipwe, kodi iingie. Mama yangu, ambaye huishi Msambweni, alinisikiliza nikijigamba, kisha akasema, "Inshallah, mwanangu." Nilikasirika. Nilidhani ananivunja moyo.

Kumbe kumbukumbu yake ilikuwa ndefu kuliko yangu. Mwaka niliozaliwa, 1988, kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa, na watu waliodhani miwa haitakwisha wakarudia mihogo. Agosti 1997 fujo zilizoanzia Likoni ziliwafukuza wageni, hoteli za ufuoni zikabaki na kunguru. Basi Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, yeye hakushangaa sana. Aprili Kwale yetu ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka. Wapangaji wangu walikuwa wameshafunga virago. Mkopo haukufunga virago.

Sasa nikueleze nililomfanyia mama, ingawa naona haya. Nilikwenda nikamkuta juu ya mswala. Nikangoja amalize, kisha nikamwambia kwamba kuomba hakulipi deni. Naam, mama yangu mzazi. Hakunijibu. Alikunja mswala, akaniuliza kama nimekula, akanipakulia muhogo wa nazi.

Baadaye tulitembea hadi ufuoni. Ulikuwa mwezi wa Mei na kusi limeshika. Mashua zilikuwa zimevutwa juu, wavuvi wameketi kivulini wakishona nyavu. Mashua moja ilikuwa imeandikwa Tawakali ubavuni, kama nyingine nyingi za huku kwetu.

"Watazame," akasema mama. "Hakuna ajuaye bahari itampa nini. Lakini wavu hawauachi ukatoboka."

Huenda nawe umesikia kwamba kumtegemea Mungu ni uvivu. Wavivu wapo, tena wengi, wanaolilalia neno hilo kama mkeka. Lakini mama hakuwa amelala. Wiki iliyofuata alipanda matatu hadi Ukunda akanikabidhi kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na pesa. Alikuwa ameuza herini zake za dhahabu alizoachiwa na bibi, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho duniani.

"Kwani ulidhani mimi nazitegemea hizo?" akaniuliza huku akicheka. Mimi nililia.

Pesa zile zilitulipia miezi mitatu. Iliyobaki tulihangaika: mume wangu akachuuza nazi, mimi nikapika mahamri, na waliotukopesha wakakubali kutuongezea muda. Sidai kwamba riziki ilitudondokea kutoka mbinguni. Ila kuna usiku mwingi niliomba bila kujua kesho tutakula nini, na nikalala usingizi mzito. Mwaka 2019, nikiwa na hesabu zangu zote kitabuni, nilikuwa silali.

Wageni wamerudi Diani, na vyumba vitatu vina watu. Cha nne kilikuwa cha kijana aliyefanya kazi kwenye machimbo ya titani, yaliyoanza huku Kwale mwaka 2013 na kumaliza shughuli zake Desemba 2024. Alikwenda kwao. Mume wangu anataka tukope tena tukigeuze kiwe duka. Nimemwambia inshallah, naye amenuna. Kwa sasa mama ametuletea kuku wanane, ndio wapangaji wa chumba kile.